Swali la "Mmejuaje?" na Somo la Tope la Chini ya Bahari

Miongoni mwa maswali ambayo mtoto anaweza kumwuliza mwalimu wake, hakuna lililo fupi na zito kwa pamoja kama hili: "Mmejuaje?" Mwalimu akieleza kwamba zamani bahari ilikuwa chini kuliko ilivyo leo, mtoto mwenye akili iliyo macho atauliza hivyo. Akieleza kwamba dunia imekwisha kupita katika enzi za barafu, atauliza hivyo tena. Inasikitisha kwamba mara nyingi mno jibu alipatalo ni kuwa ndivyo kitabu kisemavyo. Jibu la namna hiyo humnyamazisha mtoto, lakini halimfundishi. Na mtoto aliyenyamazishwa mara tano hatauliza mara ya sita.

Madhumuni ya makala haya ni kutoa shauri kwa wenzetu wanachuo mnaojiandaa kufundisha katika shule za msingi. Maoni yetu ni kwamba habari yoyote ya sayansi au ya jiografia ifundishwayo bila kuelezwa njia iliyotumika kuipata ni nusu ya somo, tena ile nusu iliyo rahisi kusahauliwa. Ili tusiseme kwa maneno matupu, tumechagua mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho. Mfano wenyewe ni kazi ya kuchukua tope kutoka chini ya bahari ili kujua jinsi bahari na tabia ya nchi zilivyokuwa katika zama zilizopita. Tumeuchagua huu kwa sababu tope ni kitu kinachojulikana na kila mtoto, awe wa pwani au wa bara. Na pia kwa sababu wale wanaoifanya kazi hiyo wana desturi ambazo, kwa maoni yetu, zingelifaa sana darasani.

Tope linavyotunza habari

Katika bahari kuu, mchana na usiku, vitu vidogo huanguka kuelekea chini. Kuna vumbi lililopeperushwa na upepo, kuna udongo uliomwagwa na mito, na kuna magamba ya viumbe wadogo waliokufa karibu na uso wa maji. Mashapo haya hutulia na kulala, jipya juu ya la zamani. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba cha bahari kuu hujaa polepole mno, kwani katika sehemu nyingi zilizo mbali na nchi kavu huongezeka sentimita chache tu kwa kila miaka elfu. Karibu na pwani, ambako mito huleta udongo mwingi, huongezeka kwa kasi zaidi. Basi, mtu anayeshuka katika tope hilo hurudi nyuma katika wakati, kama asomaye kitabu kwa kuanzia ukurasa wa mwisho.

Namna ya kulichukua ni hii. Bomba refu la chuma, lenye uzito mkubwa juu yake, hushushwa kutoka melini kwa kamba ya waya mpaka likaribie chini. Kisha huachwa lidondoke na kujichoma ndani ya tope. Likivutwa juu huleta tope lenye umbo la mche mrefu, kama mche wa sabuni kabla haujakatwa vipande. Katika makala haya tutauita mche wa tope.

Kazi hii haikuanza ikiwa kamili. Meli ya Kiingereza iliyoitwa Challenger ilizunguka bahari za dunia kuanzia mwaka 1872 hadi mwaka 1876, ikakusanya matope mengi, lakini mengi yake yalikuwa ya juu juu tu. Mabomba ya miaka iliyofuata yalishindwa kwenda mbali, kwa sababu tope linaposukumwa ndani ya bomba hugandamana na kukwama. Katika miaka ya 1940 Mswidi mmoja, Börje Kullenberg, alitia pistoni ndani ya bomba. Bomba linaposhuka, pistoni hubaki karibu na uso wa tope, na ule mvuto wake hulisaidia tope kuingia bila kubanwa. Kwa bomba hilo meli ya Kiswidi, Albatross, ilizunguka dunia katika miaka ya 1947 na 1948 na kuleta miche yenye urefu uliozidi mita 10. Baadaye zikaja meli zenye mitambo ya kuchimba: Glomar Challenger, iliyofanya kazi hiyo toka mwaka 1968 hadi 1983, na JOIDES Resolution, toka mwaka 1985 hadi 2024. Hizo ziliweza kuingia mamia ya mita chini ya sakafu ya bahari.

Sasa, tope hilo husomwaje? Miongoni mwa magamba yaliyomo yamo ya viumbe wa chembe moja waitwao foraminifera. Wengi wao hawazidi punje ya mchanga, na huonekana vizuri kwa hadubini tu. Viumbe hawa hujenga magamba ya chokaa kwa kutumia vitu vilivyomo katika maji, pamoja na oksijeni. Oksijeni nayo si ya namna moja. Iko nyepesi na iko nzito. Maji yenye oksijeni nyepesi hugeuka mvuke kwa urahisi zaidi. Katika enzi za baridi kali mvuke huo uliangukia nchi kavu ukiwa theluji, theluji ikawa barafu, na barafu hiyo haikurudi baharini kwa maelfu ya miaka. Ni kama mama apepetaye nafaka kwa ungo: makapi mepesi huchukuliwa na upepo, na kilicho kizito hubaki. Bahari ikabaki na oksijeni nzito zaidi, na magamba ya viumbe wa wakati ule yakawa na oksijeni hiyo. Leo mtaalamu akilipima gamba moja baada ya jingine, kutoka juu ya mche hadi chini, huona enzi za barafu zikija na kuondoka.

Desturi tatu zinazotufaa

Tunaomba wanachuo wazingatie desturi tatu za watu wa kazi hii, maana hapo ndipo ualimu unapoingia.

Desturi ya kwanza ni kuandika alama. Mche wa tope unapofika melini, kabla ya jambo lolote huandikwa upande wa juu ni upi na wa chini ni upi, ulichukuliwa wapi, na katika kina gani. Mche mmoja uliopata sifa kubwa huitwa V28-238. Jina hilo si fumbo: ulichukuliwa na meli iitwayo Vema, katika safari yake ya 28, nao ni mche wa 238. Ulitoka katika Bahari ya Pasifiki, karibu na ikweta. Pasipo alama hizo ungekuwa tope tu, la kufinyangia vyungu. Vivyo hivyo daftari la mtoto: uchunguzi usioandikwa tarehe, mahali na namna ulivyofanywa haumfai mtu yeyote siku ya pili.

Desturi ya pili ni kupasua mche kwa urefu wake ukawa nusu mbili. Nusu moja ni ya kazi. Humo huchotwa vipande vya kupimwa mpaka uishe. Nusu nyingine ni ya kumbukumbu. Hupigwa picha na kutazamwa, kisha huhifadhiwa mahali penye baridi bila kuchotwa ovyo, ili mtu asiyesadiki leo, au ambaye hajazaliwa bado, apate kurudi na kujionea mwenyewe. Sisi twaona hekima kubwa katika desturi hii. Mwenye elimu ya kweli haombi kuaminiwa. Huweka nusu ya ushahidi kando kwa ajili ya mwenye shaka.

Desturi ya tatu ni kulisoma upya tope lile lile. Mwaka 1955, Cesare Emiliani, Mwitalia aliyekuwa akifanya kazi Chicago, alitoa matokeo ya vipimo vya oksijeni ya magamba, akayasoma hasa kuwa ni kupanda na kushuka kwa joto la maji. Mwaka 1967, Nicholas Shackleton wa Cambridge alionyesha kwamba sehemu kubwa ya badiliko hilo haikutokana na joto la maji, bali na wingi wa barafu iliyokuwa nchi kavu. Tope halikubadilika. Kilichobadilika ni usomaji wake, na uliokubalika ni ule uliokuwa na sababu zenye nguvu zaidi. Hakuna aliyemfedhehesha Emiliani. Kazi yake ndiyo iliyofungua mlango. Laiti madarasa yetu yangekuwa hivyo, mtoto aliyejibu kwa sababu nzuri lakini akakosea asionekane mjinga, bali aonekane mtu aliyewafikisha wenzake karibu na jibu!

Ushahidi mmoja haujengi hoja

Tunapofundisha kwa ushahidi, hatuna budi kuwaonyesha watoto kwamba shahidi mmoja hatoshi. Hapa tunao mfano wetu wenyewe. Tope la bahari husema kwamba miaka ipatayo 20,000 iliyopita barafu nyingi mno ilikuwa nchi kavu. Ikiwa ni hivyo, maji ya barafu hiyo hayakuwamo baharini, na bahari ilikuwa imeshuka. Wataalamu hukadiria kwamba ilishuka kiasi cha mita 120 chini ya usawa wa leo.

Mwalimu na achore ubaoni ramani ya pwani yetu. Mlango wa bahari kati ya Unguja na Bara haufiki kina cha mita 100. Ule wa kati ya Pemba na Bara una kina cha mamia ya mita. Kisha awaulize watoto: bahari ikishuka mita 120, ni kisiwa kipi mtu angeweza kukifikia kwa miguu? Watoto watajibu wenyewe kwamba ni Unguja, wala si Pemba. Hapo ndipo aletwe shahidi wa pili. Katika pango la Kuumbi, kusini mashariki mwa Unguja, wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata mifupa ya punda milia, mnyama asiyepatikana kisiwani leo. Punda milia hakuja kwa jahazi. Magamba ya bahari kuu na mifupa ya pangoni havikupatana kwanza ili vitoe habari moja, lakini vinaitoa. Mtoto aliyelitambua hilo kwa akili yake mwenyewe amejifunza jambo ambalo halimo katika orodha yoyote ya kukariri.

Shahidi wa namna hii hayuko pwani peke yake. Matope yaliyotolewa chini ya Ziwa Viktoria yana tabaka gumu la udongo uliokauka, lenye mabaki ya mizizi. Tabaka hilo laonyesha kwamba miaka ipatayo 17,000 iliyopita mahali ambapo leo wavuvi hutega nyavu palikuwa nchi kavu. Mwalimu wa Mwanza, Bukoba au Musoma na aanze na tabaka hilo.

Pingamizi na majibu yetu

Twajua kwamba shauri hili litapingwa, na pingamizi zenyewe si za kupuuzwa.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mambo haya yako mbali na mazingira ya mtoto, nasi sote tumefundishwa kuanza na lililo karibu na kwenda kwa lililo mbali. Ni kweli. Lakini kanuni hiyo haisemi tubaki kwenye lililo karibu milele. Tope liko karibu. Dimbwi la nyuma ya shule baada ya mvua liko karibu. Matabaka ya udongo yanayoonekana katika kingo za korongo yako karibu. Hayo ndiyo mahali pa kuanzia, na bahari kuu ndiko tunakokwenda.

Pingamizi la pili ni kwamba hesabu za mamia ya maelfu ya miaka haziingii katika kichwa cha mtoto. Zikitajwa kwa mdomo tu, haziingii hata katika kichwa cha mtu mzima. Lakini zikipimwa kwa kamba, zitaingia. Turudi kwenye mche wa V28-238. Sumaku ya dunia imekwisha kugeuka mara nyingi, kaskazini ikawa kusini, na chembe za madini zilizomo katika tope hutunza mwelekeo wa sumaku ya wakati zilipotulia. Katika mche huo, alama ya mgeuko mkubwa wa mwisho iko sentimita 1,200 kutoka juu. Umri wa mgeuko huo umepimwa katika miamba ya volkano kuwa ni miaka ipatayo 780,000. Watoto wa madarasa ya juu na wagawanye: kila sentimita moja ni wastani wa miaka 650, na kila milimita moja ni miaka 65, umri wa babu.

Sasa nyosheni kamba ya mita 12 uwanjani. Vita vya Majimaji, vya mwaka 1905 hadi 1907, viko chini kidogo ya milimita 2 tu kutoka mwanzo wa kamba. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 ni kama sentimita 1. Wakati punda milia wangeweza kutembea mpaka Unguja ni kiasi cha sentimita 31, yaani urefu wa rula ya darasani na kidogo. Kamba yote iliyosalia, inayokaribia mita 12, ni zama zilizotangulia. Mtoto aliyetembea kando ya kamba hiyo hahitaji kuambiwa kwamba dunia ni ya kale. Ila asifichwe na hili: minyoo na wanyama wadogo huchimbuachimbua tope la juu na kulichanganya, kwa hiyo mche wa namna hii hauwezi kutueleza mvua za mwaka mmoja mmoja. Kusema ushahidi unakokoma ni sehemu ya kuueleza.

Pingamizi la tatu, nalo ndilo kubwa, ni muda na mtihani. Husemwa kwamba mtihani hauulizi imejulikanaje, huuliza ni nini. Jibu letu ni kwamba mtoto anayeijua sababu huweza kulijenga upya jibu alilolisahau, lakini anayejua jibu tupu, akilisahau, limekwenda. Aidha, somo hili haliibi vipindi vya masomo mengine. Kugawanya 780,000 kwa 1,200 ni hesabu; kuchora kina cha bahari ni jiografia; kuandika taarifa ya uchunguzi ni lugha. Vipindi viwili vilivyofuatana vyatosha.

Utaratibu wa somo

Vifaa vinavyotakiwa havinunuliwi. Tafuteni makopo au vyombo vya plastiki vilivyokatwa juu, mchanga laini, jivu, udongo mwekundu, udongo wa mfinyanzi, na vipande vidogo vya makombe au maganda ya konokono. Badala ya bomba la chuma tumieni bua la jani la mpapai, ambalo lina uwazi ndani, au kipande chembamba cha mwanzi kilichopasuliwa kwa urefu na kufungwa tena kwa uzi.

Hatua ya kwanza. Ligaweni darasa katika vikundi vyenye idadi iliyo shufwa. Kila kikundi kipange kwa siri historia ya nchi yake ya kubuni: mafuriko yaliyoleta udongo mwekundu, moto wa msituni ulioacha jivu, ukame ulioleta mchanga wa upepo. Kisha kitandaze matabaka ndani ya kopo kwa kufuata historia hiyo, kila tabaka likiwa na maji kidogo ili lishikamane. Historia iandikwe katika karatasi na kukunjwa. Makopo yaachwe mpaka kesho yake.

Hatua ya pili. Vikundi vibadilishane makopo. Kila kikundi kichome bua polepole, wima, mpaka chini, kizibe tundu la juu kwa kidole gumba, kisha kivute. Waulizeni watoto kwa nini tope halidondoki kidole kikiwa kimeziba, na kwa nini hudondoka kikiondolewa. Watakuwa wameanza kuelewa kwa nini Kullenberg alitia pistoni katika bomba lake.

Hatua ya tatu. Bua liandikwe alama ya juu na ya chini, kisha mwalimu alipasue kwa wembe. Kazi ya wembe isiachiwe watoto. Nusu moja ipimwe kwa rula, ichorwe na kuchokonolewa. Nusu ya pili iwekwe kando, isiguswe.

Hatua ya nne. Kila kikundi kieleze historia ya kopo kililopewa, kwa sharti moja: kila sentensi ifuatwe na maneno "kwa sababu tumeona." Palipo na ubishi, nusu ya kumbukumbu iletwe na wote waitazame. Baada ya hapo karatasi zifunguliwe na kulinganishwa.

Hapo tuna shauri la pekee. Kopo moja, lililotengenezwa na mwalimu mwenyewe, lisifichuliwe kamwe. Watoto watasihi waambiwe jibu. Mwalimu asiseme. Awaeleze kwamba wasomao tope la bahari hawana karatasi iliyokunjwa. Hapana aliyekuwako miaka 20,000 iliyopita atakayekuja kuwaambia kama wamepata au wamekosa. Walichonacho ni tope, sababu zao, na wenzao wa kuzipima. Twajua ni vigumu kwa mwalimu kuzuia jibu analolijua. Lakini akilizuia mara hii moja, watoto watajifunza kusimama juu ya ushahidi badala ya kusimama juu ya uso wa mwalimu, wakiutazama kama umekunjamana au umetabasamu.

Mwisho, onyo la usalama: watoto wasipelekwe kuchimba tope katika kina cha ziwa, mto wala bahari. Kopo latosha.

Kwa nini jambo hili ni zito

Mtu aweza kusema kwamba haya ni mazoezi mazuri ya akili, lakini si jambo la kupigania. Sisi hatukubali. Watoto mtakaowafundisha ni watoto wa wakulima, wafugaji na wavuvi. Watasikia redioni na barazani mambo mawili yanayopingana. Mmoja atasema kwamba tabia ya nchi inabadilika kwa sababu ya kazi za wanadamu. Mwingine atajibu kwamba mambo hayo ni hadithi za wageni, na kwamba mvua na jua vimekuwa vikibadilika tangu zamani. Mtoto aliyekaririshwa tu atamfuata mwenye sauti kubwa.

Mtoto aliyefundishwa kuuliza "mmejuaje" ataweza kupambanua. Atajua kwamba ni kweli, tabia ya nchi imebadilika tangu zamani; tope linasema hivyo kwa uwazi. Mwaka 1976, James Hays, John Imbrie na Shackleton walitumia miche miwili kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi, bahari yetu hii, wakaonyesha kwamba enzi za barafu hufuata mabadiliko ya njia ya dunia kulizunguka jua na ya mwinamo wake, mabadiliko yajirudiayo kila miaka ipatayo 100,000, 41,000 na 23,000. Mserbia Milutin Milankovitch alikuwa amelipigia hesabu jambo hilo miaka mingi kabla ya hapo. Lakini mtoto huyo huyo ataona pia kwamba mizunguko hiyo ni ya polepole, wala haiwezi kueleza joto lililopanda kwa zaidi ya digrii moja tangu nusu ya pili ya karne ya 19. Tukitaka kujua hewa ilikuwaje, tope peke yake halitoshi. Twamwita shahidi mwingine, barafu ya Antaktika, ambayo imehifadhi mapovu ya hewa ya miaka 800,000. Katika muda huo wote hewa ya ukaa haikuzidi sehemu 300 katika milioni, mpaka wanadamu walipoanza kuchoma makaa ya mawe na mafuta kwa wingi. Leo imepita sehemu 420.

Wala habari hizi si za wageni tu. Mwaka 2008 meli ya utafiti ya Kijerumani, Meteor, ilichukua miche ya tope katika mteremko wa chini ya bahari mbele ya pwani ya Tanzania. Tope hilo lina udongo uliotoka katika mito yetu, na magamba ya viumbe wa maji yetu. Waliolisoma wengi wao hawakuwa watoto wa pwani hii. Hatulisemi hilo kwa kulaumu. Mwenye meli na maabara ndiye awezaye kusoma. Lakini kama twataka siku moja watoto wetu wawe miongoni mwa wasomaji wa tope hilo, kazi hiyo haitaanzia chuo kikuu. Itaanzia katika darasa lenye watoto wengi na madawati machache, kwa bua la mpapai, mbele ya mwalimu asiyeliogopa swali.

Kwa hiyo twawasihi, ndugu wanachuo, mnapoandaa azimio la somo, chini ya kila habari mtakayokusudia kuifundisha andikeni mstari mmoja zaidi: imejulikanaje. Mkiwa na jibu, lipeni nafasi katika kipindi. Msipokuwa nalo, litafuteni kabla ya kuingia darasani. Na kama mtoto atawatangulia kwa kuuliza, mwandikeni jina lake pembeni mwa azimio hilo, maana huyo ndiye aliyelielewa somo.